Kapu halipiti tena: jibu kwa mweka hazina wa usharika uliopungukiwa watu na fedha

*"Mimi ni mweka hazina wa usharika wenye majina 340 kwenye daftari. Kabla ya korona tulikuwa tunahesabu watu kama 220 kila Jumapili. Tulifunga ibada miezi 5, tukafungua, tukafunga tena. Sasa tumefungua, na wanaofika ni 90. Wengine wanasema wanafuata kwa simu. Sadaka imeshuka chini ya nusu ya ilivyokuwa. Tuna mchungaji, katibu wa ofisi na mlinzi wanaotegemea mshahara, na bado tunalipa mkopo wa paa. Baadhi ya wazee wa kanisa wanasema watu wamepoa kiroho, tuwafute wasiokuja. Wengine wanataka tuchukue fedha za ujenzi tulipe mishahara, 'tutarudisha baadaye'. Mchungaji anaona aibu kutaja fedha wakati watu wamepoteza kazi. Silali, hesabu zinanizunguka kichwani. Tuanzie wapi?"*

Ndugu mweka hazina, swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Umeuliza jambo moja, lakini ndani yake mna matatu: watu wako wapi, fedha zimekwama wapi, na nani aseme nini mbele ya washarika. Najua kinachokunyima usingizi ni fedha. Hata hivyo nitaanza na watu, kwa sababu hesabu za usharika hazisomeki ukizitenga na majina ya wanaotoa.

Chukua kwanza namba zako mwenyewe. Wazee wanatazama 340 za daftari na 90 za Jumapili, wanaona watu 250 wamepotea. Sivyo. Hata kabla ya ugonjwa mlikuwa mnahesabu 220, maana yake majina 120 hivi hayakuwa yakionekana katika Jumapili ya kawaida, na hakuna aliyesema wamepoa. Pengo la kweli ni kati ya 220 na 90, yaani 130. Na hata hao 130 si watu 130 walioondoka. Wale 220 hawakuwa walewale kila wiki: huyu alikuja Jumapili zote nne, yule alikuja mbili, mwingine moja. Aliyezoea kuja mara nne akianza kuja mara mbili, hesabu yako inashuka na hakuna mtu aliyeondoka. Nimewahi kukaa na baraza la wazee lililokuwa likiomboleza familia nzima, kumbe familia ile ilikuwa imebadilisha tu zamu ya kazi.

Sasa hili la kupoa kiroho. Usiku wa tarehe 10 Machi 2020, siku moja kabla Shirika la Afya Duniani halijauita ugonjwa huu janga la dunia, kwaya moja ya Mount Vernon katika jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walihudhuria watu 61. Kati yao 53 ama walithibitishwa kuugua ama walihesabiwa kuwa huenda waliugua, na wawili walifariki. Kuimba hutoa pumzi nyingi kwa nguvu, na ndani ya chumba kilichofungwa pumzi hiyo hukaa hewani. Bibi wa miaka 74 mwenye kisukari aliyesikia habari za namna hiyo, akaamua kusubiri nyumbani, amepima hatari yake vizuri kuliko wanaomhukumu. Suala hili wala si geni. Wakati wa homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 makanisa mengi ya Marekani yalifungwa kwa amri, na mchungaji Francis Grimké wa Washington, D.C., alipofungua tena mwezi Novemba aliwatetea mbele ya waumini wake maofisa walioyafunga. Kwake, kuepuka msongamano unaoua hakukuwa kukosa imani.

Kwa hiyo msimfute mtu. Sisemi hivyo kwa huruma tu. Jina likishafutwa hakuna anayelipigia simu tena, na asiyepigiwa simu harudi. Gawanyeni hayo majina kwanza. Wapo wanaofuata ibada kwa simu kweli, na wapo wenye umri mkubwa na wagonjwa wanaoogopa kwa haki. Wapo waliohama kufuata kazi au kurudi kwa wazazi, na wengine walikuwa wamekwisha kuondoka zamani, korona ikawapa tu sababu ya kutoaga. Halafu kuna kundi ambalo wazee wengi hawalioni kabisa: waliopoteza kipato na wanaona haya kufika mikono mitupu. Huyu alizoea kusimama na bahasha yake. Leo hana cha kutia ndani, na kukaa kwenye benchi kapu likimpita ni kama kutangaza hali yake mbele za watu. Anabaki nyumbani, nanyi mnasema amepoa.

Dawa ya hapa ni simu ya kawaida. Tuseme daftari lenu la watu 340 ni kaya 110 hivi. Tafuteni watu 12 wenye ulimi mzuri, wasiwe wazee wa kanisa peke yao. Mama wa kikundi cha maombi na kijana wa kwaya huenda wakafaa zaidi. Kila mmoja apewe kaya tisa au kumi, azipigie kila baada ya wiki mbili na kuuliza mambo matatu: mko wazima, mnapungukiwa nini, tuwaombee nini. Anayoyasikia ayaandike, ampe mtu mmoja anayeyakusanya. Na hapa nitakuwa mkali: katika simu hizo asitaje fedha hata kwa mzaha. Simu ya kwanza ya usharika baada ya miezi ikiishia kwenye sadaka, ya pili haitapokelewa. Mnakumbuka katika Matendo sura ya 6 malalamiko yalianza kwa sababu wajane fulani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane waongeze imani. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi hiyo ili asirukwe mtu.

Kuhusu wanaofuata kwa simu nitasema kidogo. Namba ya waliotazama isiingie katika taarifa yako. Humo wamo waliopita sekunde chache, na humo humo simu moja imezungukwa na watu sita. Ukitaka kujua nani yuko, wapigaji simu watakuambia. Ibada hiyo iwe fupi kuliko ya kanisani, na awepo mtu anayewasalimu kwa majina wale wanaoandika salamu.

Turudi kwenye fedha. Sadaka kushuka chini ya nusu haimaanishi imani imeshuka chini ya nusu. Sehemu kubwa ya sadaka ya Jumapili hutolewa kwa sababu mtu yupo pale: wimbo umeanza, kapu limemfikia, mkono umeingia mfukoni. Hakuipanga tangu Jumatatu. Ukifunga mlango umeondoa tukio lenyewe, na mtu huyo hajakataa kutoa, ila kapu na yeye hawajakutana. Baada ya wiki 20 za namna hiyo kutotoa kunakuwa mazoea, na mazoea hayavunjiki kwa sababu tu mlango umefunguliwa. Wanaosema "tukifungua watarudi, na sadaka itarudi" wanasahau jambo hilo. Zaka na ahadi ni kitu kingine. Aliyeamua mwanzoni mwa mwaka kwamba atatoa kiasi fulani kila mwezi huendelea kutoa hata jengo likiwa limefungwa, mradi ana njia ya kufikisha na kipato chake hakijakauka.

Ndiyo maana nakuomba uache kutazama jumla. Chukua miezi 12 kabla ya kufunga na miezi 12 ya mwisho, kisha tenganisha mafungu: sadaka ya kapuni, zaka na ahadi zenye majina, michango ya shughuli maalumu, na mapato mengine kama kukodisha ukumbi. Kama kapu limeanguka lakini ahadi zimepungua kidogo, tatizo lenu ni njia na mazoea, na linatibika. Kama ahadi nazo zimeanguka, angalia majina. Katika sharika nyingi kaya chache hubeba sehemu kubwa ya mapato; wawili kati ya hao wakipoteza kazi, wakihama au wakifariki, shimo linaonekana kama usharika mzima umeacha kutoa. Kazi hiyo ya majina ifanye wewe na mtu mmoja aliyeapa kutunza siri. Barazani peleka mafungu tu, usipeleke majina. Na kama ahadi zimeanguka kwa watu ambao vipato vyao havijaguswa, hapo swali ni la uaminifu: kuna jambo wameliona au wamelisikia kuhusu fedha za kanisa, na mnapaswa kulijua.

Mchungaji wako ana moyo mzuri, lakini kunyamaza kwake kunawaumiza watu wa aina mbili. Aliyepoteza kazi hajaambiwa na mtu kwamba hadaiwi kitu, kwa hiyo anajihesabu mdaiwa. Aliyebaki na kazi hajaambiwa kwamba usharika uko mashakani, kwa hiyo anadhani mambo yanakwenda. Maneno machache yangewafungua wote: "Ewe uliyepoteza kipato, usharika huu haukudai chochote, tuambie tukusaidie. Wewe uliyebaki na kipato, tunakuomba ufikirie kubeba sehemu ya ndugu yako kwa miezi sita." Baada ya hapo isomwe taarifa ya mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kinachodaiwa. Watu wazima hawakimbii namba. Wanachokimbia ni kuombwa bila kuelezwa.

Kisha fungueni njia. Paulo aliwaandikia Wakorintho (1 Wakorintho 16:2) kwamba kila mtu siku ya kwanza ya juma aweke akiba kwake, kadiri alivyofanikiwa, ili yeye Paulo asije akafika ndipo michango ianze. Yaani kutoa kulianzia nyumbani kwa mtu, kwa mpango. Kwenu njia zinaweza kuwa akaunti ya benki, pesa kwa simu, na bahasha inayopokelewa ofisini saa zinazojulikana, kwa ajili ya wasiotumia hayo mengine. Akaunti na namba ya simu viwe kwa jina la usharika. Visiwe kwa jina la mchungaji, wala la kwako, hata kwa wiki moja ya dharura. Kila kinachoingia kipate stakabadhi, na kila wiki watu wawili wasio ndugu walinganishe stakabadhi na taarifa ya benki. Watangazieni washarika pia kwamba namba hiyo haitabadilishwa kamwe kwa ujumbe wa simu, maana matapeli hupenda kuandika kwa jina la mchungaji: "Tumieni namba hii mpya."

Fedha za ujenzi msiziguse kwa namna wanayoipendekeza. Aliyetoa kwa ajili ya jengo aliwakabidhi fedha zenye masharti, na masharti hayo hayawezi kufutwa na wazee wachache kwa sababu mwezi umekuwa mgumu. Katika nchi nyingi hilo laweza kuwa kosa kisheria, si aibu tu. "Tutarudisha baadaye" ni ahadi isiyo na tarehe, na nimeona "baadaye" ikidumu miaka. Ipo njia ya halali: rudini kwa waliochanga, kwenye mkutano wa washarika, mkawaeleze hali na kuwaomba ruhusa. Wakikubali, iandikwe kwenye muhtasari kiasi gani, kwa matumizi gani, kwa muda gani na itarudishwa kutoka wapi. Wakikataa, mmejua. Mimi ningeomba kiasi kidogo cha kuvuka miezi miwili au mitatu, na ningefanya hivyo baada tu ya kuonyesha kwamba tumebana kwingine kote.

Kubana kwenyewe kuna hesabu yake. Nikupe mfano wa kubuni. Tuseme zamani iliingia 100, sasa inaingia 45. Mishahara ni 45, mkopo 15, umeme, maji na matengenezo 10; hizo ni 70 ambazo hazijali watu wangapi wamekuja. Zile 30 zilizobaki zilikuwa za huduma, semina na safari. Ukifuta zote 30, bado una shimo la 25. Ndiyo maana vikao vinavyobishana saa nzima kuhusu maua ya madhabahuni na chai ya wageni havifiki popote. Shimo liko kwenye mishahara na mkopo, na huko ndiko pa kwenda kuongea.

Benki nendeni kabla hamjakosa rejesho hata moja. Mkopaji anayekuja mapema na taarifa zake mkononi husikilizwa tofauti na anayefuatwa. Ombeni kulipa riba peke yake kwa miezi kadhaa, au kurefusha mkopo ili rejesho lipungue. Mjue kwamba mwisho wa yote mtalipa zaidi kwa jumla. Ni bei ya kununua nafasi ya kupumua. Katika mfano wangu hapo labda unapata 8. Kwenye mishahara, anzeni juu. Posho za vikao na sehemu ya mshahara wa mchungaji, kwa ridhaa yake na kwa maandishi, vitangulie kabla ya kumgusa mlinzi. Mlinzi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Kumwachisha kunaokoa kidogo, na malipo ya kumwachisha pamoja na vitakavyoibiwa vinaweza kuzidi mlichookoa. Pengine unapata 7. Shimo la 25 limebaki 10, yaani zaidi kidogo ya moja ya tano ya kinachoingia sasa. Hilo ni ombi ambalo usharika unaweza kulisikia na kulijibu. Shimo la 25 linawatia watu ganzi tu.

Kuna jambo wengi hulifanya bila kufikiri: kuchelewesha mishahara kimyakimya. Huko ni kukopa kwa mfanyakazi bila kumwomba, tena kwa yule asiyeweza kukataa. Makato ya akiba yake ya uzeeni nayo yapelekwe kwa wakati, kwa sababu yakilimbikizwa hugeuka deni lenye faini. Na mchango wenu wa ngazi ya juu ya kanisa, kama hamuuwezi, andikeni kuomba unafuu, msinyamaze.

Ili uone mbele, chora kalenda ya wiki 13. Kila wiki ina safu ya kitakachoingia na ya kitakachotoka kwa tarehe zake halisi. Kwenye kuingia usitumie wastani. Chukua wiki mbaya kuliko zote katika nane zilizopita. Utaona mapema ni wiki ya ngapi fedha zinaisha, na wiki sita za kujua kabla zina thamani kuliko mkopo. Hata katika ukavu huo acheni fungu dogo la kusaidia waliopungukiwa, na taarifa ya mwezi itaje kaya ngapi zimesaidiwa, bila majina. Wapigaji wako 12 watasikia njaa kwenye simu zile. Wakiwa hawana la kujibu, wataacha kupiga.

Sitakudanganya kwamba haya yanatosha kila mahali. Zipo sharika zitakazofanya yote na bado zisiweze kumlipa mchungaji wa peke yao. Ikiwa baada ya miezi sita ahadi zilizoandikwa, si matumaini, hazifikii mshahara wake na rejesho la mkopo, anzeni mazungumzo ya kushirikiana mchungaji na usharika jirani, au kupangisha sehemu ya jengo siku za kazi. Yaanzeni mngali na akiba kidogo, maana anayejadiliana akiwa amefilisika hupokea anachopewa.

Yako mambo yasiyotibika kwa kuandikiana. Kabla ya kumpunguzia au kumwachisha mtu kazi, kaa na mwanasheria wa mambo ya ajira na umwonyeshe mkataba wenyewe. Ukigundua fedha zisizo na maelezo, hata kidogo, usimuulize mtu faraghani. Mwite mkaguzi wa hesabu na uwaarifu viongozi wa juu siku hiyohiyo. Baraza likigawanyika makundi mawili yasiyosalimiana, leteni msuluhishi kutoka nje ya usharika. Kufungua, kukaa kwa nafasi, barakoa na kuimba kunahusu hali ya ugonjwa mahali mlipo, na wa kuulizwa ni maofisa wa afya wa eneo lenu. Mtazameni na mchungaji: aliyezika watu wengi kwa muda mfupi, akahubiri mbele ya simu miezi mitano, anaweza kuwa amechoka kuliko anavyokiri.

Nawe pia. Kama umekosa usingizi kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, nenda ukamwone daktari. Hilo si jambo la mwezi ujao. Na kabla ya Jumapili hii omba baraza likupe mtu wa pili wa kukaa nawe kwenye vitabu. Siku ya kwanza msifungue hesabu. Wekeni mezani daftari la washarika na penseli, mpitie majina yote 340, na kando ya kila jina muandike tarehe ya mwisho ambayo mtu wa usharika aliongea naye.